Bakuli Lililobaki Saa Sita

Nyinyi mnaoanza nyumba sasa, wenye mtoto mmoja mgongoni na mwingine njiani, nimewasikia mkisema maharagwe ni chakula cha waliokosa. Mnasema hivyo kanisani mkidhani nimesinzia. Sijasinzia. Nimechemsha maharagwe na githeri, mahindi na maharagwe pamoja, hapa mtaani Lucky Summer miaka ishirini na sita, na kilichoniachisha kazi ni mgongo. Masikio bado yako sawa, na masikio ndiyo yaliyokuwa kazi yenyewe, mtaona.

Kazi ilikuwa hivi. Nafaka kavu inakula moto sana. Nyumba kumi na nne zikichemsha kila moja maharagwe yake kwa saa tatu, mwezi haujafika katikati na makaa yamekwisha. Kwa hivyo katika ploti yetu, vyumba vya kupanga vyenye ua mmoja, kila mama alileta kikombe chake cha nafaka alasiri, maharagwe au mahindi, akakimimina kwenye pipa langu la bluu nikiona. Niliiloweka yote pamoja. Asubuhi nilichemsha kwa sufuria moja, ya zile kubwa za matanga. Saa sita niliita majina ya nyumba, na aliyeleta kikombe kimoja kikavu akaondoka na viwili na nusu vilivyoiva. Aliyekosa nafaka alileta sukumawiki au kunde, akakata, naye akapata chake. Mimi nilijilipa mwiko mmoja kutoka kwa kila nyumba, na watoto wangu watatu wamekua kwa hiyo miko.

Aliyenifundisha alikuwa Mama Syombua, Mkamba mmoja mwembamba aliyechemsha kule mtaa wa Umoja kabla hajarudi kwao. Huyo mama hakuonja chakula kujua kama kimeiva. Aliinama tu, akaweka sikio karibu na kifuniko, akafumba macho.

"Zikiwa mbichi zinagonga chini," aliniambia. "Zikiiva zinanyamaza. Ukisikia kimya, toa moto. Usipoteze moto kwa kitu kimenyamaza."

Nilimcheka moyoni. Nilikuwa mjanja, nilijua dawa ya haraka. Wiki ya kwanza bila yeye nikatia magadi, si kidogo, kiganja kizima, maharagwe yakalainika kabla hata sijamaliza kuosha vyombo. Yalikuwa meusi na yana ladha ya sabuni. Watu walikula kwa adabu. Sasa, ploti yetu ina choo kimoja, na siku hiyo foleni ilifika kwenye lango. Mama Akinyi, jirani yangu wa ukuta kwa ukuta, mama wa watoto watano na sauti ya kanisa zima, alisimama kwenye ile foleni akaniita majina ambayo sitayataja. Magadi mwachieni mwenye kujua kipimo. Loweka usiku kucha, mwaga yale maji, tia chumvi mwisho, basi.

Moto nilikoka kwa vumbi la mbao, nikilifuata kila siku, nikiisha kuloweka nafaka, kwa maseremala wa soko la Gikomba, magunia mawili mawili. Nyinyi hamjui jiko la vumbi. Unachukua debe lenye tundu ubavuni, unasimamisha chupa katikati, unashindilia vumbi kuizunguka mpaka mkono ukuume, kisha unaizungusha chupa na kuitoa polepole. Panabaki shimo, moto unapanda humo, unawaka pole pole asubuhi nzima. Usiposhindilia vizuri linaporomoka, na githeri inalala mbichi. Siku hizi mna gesi na sufuria za kupiga mluzi. Ni nzuri, sikatai. Lakini ule mluzi unaficha sauti ya chakula, na kuna siku sauti ya chakula ni ya kusikilizwa.

Sasa lile jambo. Sijawahi kulisimulia lote.

Kuna kitu lazima mkielewe kwanza: sufuria yangu haikuwahi kubakiza. Nilijua nani ametia nini. Nikiisha kuita jina la mwisho, mwiko uligusa chini pakavu. Msimu mmoja wa mvua, nikaita jina la mwisho, mwiko ukatoka umejaa. Bakuli zima likabaki. Nikauliza ni nani hajachukua, kila mtu akainua chombo chake. Nikasema nimekosea kipimo.

Kesho yake likabaki tena, na keshokutwa pia. Bakuli moja, si zaidi, si pungufu.

Ningeogopa siku hiyo ya tatu ningekuwa mtu wa maana. Mimi nilifurahi. Niliwaambia akina mama kwamba mkono wangu umebarikiwa, walipoingia ndani kula nikavuta kigoda changu pale kivulini, nikala lile bakuli lote, nikaramba mwiko. Nilifanya hivyo wiki mbili. Hapo nilipokula, mpakumbuke.

Kisha asubuhi moja sufuria ikakataa kunyamaza. Saa tatu zikapita. Nikabonyeza mahindi, laini. Maharagwe, laini, yamepasuka. Nikaweka sikio. Huko chini kitu kiligonga bati: ko, ko. Kinatulia. Ko, ko, ko. Kama mtu anayebisha mlango kwa kucha, hataki kuamsha nyumba nzima. Nikazamisha mwiko mpaka chini, nikatoa vitu vya mviringo, vyekundu, vigumu bado kama kokoto. Njugu mawe.

Hakuna aliyeleta njugu mawe. Nilisimama pale kila alasiri, nikaona kila kikombe kikimiminwa, na sikuziona.

Mimi ni Mbukusu. Nyanya yangu aliyenilea kule Bungoma alikuwa na mambo yake, na moja lilikuwa hili: njugu mawe hapandi wala hapiki mwanamke yeyote tu. Ni kazi ya mwanamke aliyezika mtoto. Mwingine akizigusa anaita msiba. Sijui kama ni desturi ya watu wote wa kwetu au ya jikoni mwake peke yake, lakini nilikua nikiona wasichana wakifukuzwa karibu na chungu hicho. Kwa hivyo nilipoziona kwenye mwiko wangu, zikitoa mvuke, nilikaa chini kwenye udongo.

Nikamwonyesha Mama Akinyi. Kosa. Kufikia saa sita ploti nzima ilijua.

"Hii sufuria iko na mtu ndani," alisema, mikono kiunoni. "Chakula inabaki kila siku, hakuna mwenyewe. Sasa inabisha. Mama Nafula, wewe unangoja nini, ianze kuongea?"

"Ni njugu tu, Mama Akinyi."

"Njugu imetoka wapi? Sema. Mimi watoto wangu hawatakula chakula ya mtu hatujui."

Yeye alikuwa wa kwanza kuacha kuleta kikombe chake. Wengine wakafuata kimyakimya, huyu anasema ana wageni, yule anasema tumbo. Wiki ikaisha nikiwa na nyumba nane, halafu sita. Vumbi linaloivisha sufuria iliyojaa ndilo linaloivisha nusu sufuria. Nilijua zikibaki nne nitazima jiko, na wale wenye haja nalo zaidi ndio watakaolala na chai ya rangi.

Lile bakuli niliacha kulila. Niliweka kigodani, nimefunika kwa sahani. Jioni nilifunua nikalikuta vile vile. Nikawamwagia mbwa wa nyuma ya ploti, mbwa ambao nimewaona wakila gunzi na kamba ya kiatu. Walinusa, wakanitazama, wakaondoka. Nawaambia nilivyoona.

Katika zile nyumba sita alikuwamo Lilian. Msichana wa kwetu, mwembamba, mpole, alihamia kutoka Umoja na mumewe na mtoto wa kiume wa miezi mitano waliyemwita Brian. Chumba chao kilitazama jiko langu. Mume alikuwa kibarua kwenye kiwanda huko mtaa wa Baba Dogo, mara kuna kazi, mara hakuna. Lilian alileta nusu kikombe. Kila siku nusu kikombe, na ananyonyesha.

"Wewe unalisha ndege?" nilimtania.

"Mimi si mlaji, mama," alijibu, akatabasamu akitazama chini.

Nikamwambia ninayowaambia nyinyi. Maziwa ya mama hayatoki hewani, yanatoka kwenye sahani. Kaanga omena, wale dagaa wakavu, bila mafuta, saga, tia kijiko kwenye uji wa wimbi wa mtoto, hata hataonja samaki. Majani ya kunde na ya maboga usiyapuuze kwa sababu ni ya bei ya chini. Kula kipande cha chungwa na maharagwe yako, damu itaongezeka. Aliitikia kila kitu, "Ndio mama, ndio mama," akaondoka na kile kibakuli chake cha nusu.

Brian alipofika miezi saba, mama wa afya anayezunguka ploti alikuja na ule utepe wa rangi wanaouzungusha mkononi mwa mtoto. Kijani ni salama. Mkono wa Brian ulisimama kwenye manjano, na si mwanzo wa manjano. Yule mama akaniita kando, maana mimi ndiye mwenye sufuria.

"Akiteremka kidogo tu ataingia nyekundu," alisema. "Huyu mama anakula kweli?"

Nilimtazama mtoto, kichwa kikubwa, macho makubwa yanayonifuata. Macho ya aina hiyo nilikuwa nimeyaona zamani, mara moja.

Siku mbili baadaye nilienda Gikomba kuchukua vumbi, maseremala wakawa wamefunga kwa mazishi ya mwenzao. Nikarudi mapema, mikono mitupu. Jua lilikuwa bado juu. Ploti ilikuwa kimya, wanaume kazini, watoto shuleni, hata redio ya Mama Akinyi imezimwa. Nilipokaribia jiko nikasikia nafaka ikidondoka majini, kidogo kidogo.

Lilian alikuwa amepiga magoti kwenye pipa langu. Kifuniko kilikuwa chini. Alikuwa akimimina kutoka kwenye fundo la leso, maharagwe na njugu mawe, mtoto amefungwa mgongoni, na alikuwa akiongea naye kwa sauti ya chini.

"Mulongo, mwambie ndugu yako hiki ni chake. Mwambie asikuchukue. Mwambie ale kwanza."

Kwetu sisi Wabukusu, mapacha wakizaliwa, wa kwanza anaitwa Mukhwana, wa pili Mulongo. Hakuna Mulongo bila Mukhwana. Miezi miwili nilikuwa nikimwita yule mtoto Brian, na kumbe kulikuwa na mwingine.

"Lilian," nikasema. "Mukhwana yuko wapi?"

Hakushtuka kama nilivyotarajia. Alibaki amepiga magoti, mkono ndani ya maji.

"Alizaliwa akalia mara moja," alisema. "Mara moja tu, mama. Baba yake na rafiki yake wakaenda kumzika huku huku mjini, mimi nikiwa bado kitandani. Sikumwona. Mama mkwe akapiga simu, akasema nisitaje mapacha kwa watu, nitaonekana na mkosi. Tukahama."

"Na hii nafaka?"

"Nusu yangu. Naleta nusu mbele yako, nusu naweka ukienda Gikomba. Brian alikuwa anakonda. Nikajua ndugu yake ana njaa, anamvuta. Nikasema nikimpa chakula atamwacha. Njugu mawe niliitisha nyumbani, ikaja na basi. Na chakula ilikuwa inaenda, mama. Wiki mbili nilikuwa nachungulia kwa dirisha baadaye, bakuli ni tupu. Nikajua anakula."

Niliketi pale chini mkabala naye. Aliyekuwa akila ni mimi. Nilikaa kwenye kigoda changu nikajisifu, nikala sehemu ya marehemu, nikala nusu ya chakula cha mama anayenyonyesha, nikala nyama ya mkono wa yule mtoto, na nikaramba mwiko. Nimeaibika mara nyingi katika kazi hii, lakini hiyo aibu haijawahi kupoa.

Nilifungua mdomo nimwambie, akaniwahi.

"Na wewe, mama," alisema. "Nafula yuko wapi?"

Miaka yote hiyo ploti nzima iliniita Mama Nafula. Waliliita jina hilo asubuhi, mchana na jioni, wakikopa chumvi, wakigombana nami. Walimjua Simiyu, walimjua Nekesa, walimjua kitinda mimba wangu. Hakuna hata mmoja aliyewahi kuniuliza Nafula ni yupi.

"Alikuwa wa kwanza," nikamwambia. "Miezi minane. Tulikuwa Baba Dogo, sikujua kupika kitu wala sikumjua jirani hata mmoja. Nilimpa uji mwepesi, maji matupu, nikiona haya kuomba. Alikuwa na macho kama haya ya Brian."

Tulilia. Sitasema tulitokwa na machozi kidogo. Tulilia kwa sauti mpaka Mama Akinyi akatoka na kitambaa kichwani akidhani kuna moto.

Sasa sikilizeni nilichofanya, mnihukumu mkitaka. Nilijua nikimwambia Lilian kwamba maiti hali, hatanisikia. Ningekuwa nimemuua mwanawe mara ya pili. Nikakaza uso kama nyanya yangu alivyokuwa akiukaza, nikatunga desturi pale pale.

"Umekosea kitu kimoja," nikamwambia. "Mukhwana hana mdomo wake. Mapacha wana ziwa moja. Chakula cha aliyetangulia kinaliwa na mama, mchana, mbele ya watu, mpaka kiishe. Kinapita kwako, wanagawana huko ndani. Ukikiacha kwenye sufuria hakimfikii, ndiyo maana anabisha."

Alilifunga tena fundo la leso. "Ni hivyo?"

"Ni hivyo. Na njugu mawe nitapika mimi. Nina haki ya kuzipika."

Mama Akinyi alikuwa amesikia yote. Alirudi kwake, akatoka na kikombe cha maharagwe kimejaa, akakimimina kwenye pipa. Kufikia jioni nyumba zote kumi na nne zilikuwa zimerudi, na kila moja ilitia kijiko kimoja zaidi. Vijiko kumi na vinne vya kufurika ni kikombe kizima. Hakuna aliyehisi pengo nyumbani kwake.

Kuanzia kesho yake, nikiisha kuita majina yote, niliita kwa sauti: "Bakuli la Mukhwana!" Lilian aliitika "Niko," akaja, akaketi kwenye kigoda changu, akala mbele yetu. Mara ya kwanza kijiko kiligonga meno. Ilikuwa inatisha, sitawadanganya, watu wazima tumesimama kimya saa sita mchana tukimtazama mtu akila chakula cha marehemu. Mama Akinyi alisimama nyuma yake kama askari. "Kula, mwanangu. Mpaka nione chini ya bakuli."

Njugu mawe niliziloweka siku mbili, nikazichemsha kando, ndipo nikazichanganya. Mkizipika, fanyeni hivyo. Sufuria ikanyamaza. Utepe ulisogea polepole, wiki baada ya wiki, na siku uliposimama kwenye kijani Mama Akinyi alipiga vigelegele mpaka ploti ya tatu. Brian sasa ni mvulana mkubwa wa shule. Wamehamia Webuye, na anakula kupita baba yake.

Ningeishia hapo. Lakini nimesema nitasimulia yote.

Mkesha wa siku yangu ya mwisho kazini, mwaka jana, nilipima mwenyewe. Nilifunika pipa mwenyewe, nikaketi juu yake mpaka jioni kwa sababu sikuwa na pa kwenda. Hakukuwa na kikombe cha ziada. Hakuna aliyeleta njugu mawe. Lilian alikuwa Webuye, nilizungumza naye kwa simu asubuhi ile ile. Kulipokucha nikashindilia jiko langu, nikawasha, nikaweka sikio kwenye kifuniko kwa mazoea tu.

Ko, ko.

Ilifika saa nne, saa tano, inabisha tu. Saa sita nikaita majina, wote wakaja, wengi wao watoto wa wale niliowalisha, wana watoto wao. Nikaita jina la mwisho. Mwiko ukatoka umejaa.

Hakuna aliyecheka. Nikamtazama Mama Akinyi, mzee sasa kama mimi, amekaa kwenye ngazi na fimbo yake. Alinitazama pia. Kisha akasimama, akavuta pumzi, akaita kwa ile sauti yake ya zamani.

"Bakuli la Nafula!"

"Niko," nikasema.

Wakanisogezea kigoda. Chini ya bakuli nilizikuta, nyekundu, za mviringo. Nikatia moja mdomoni, nikaiuma polepole, nikiogopa jino. Ilikuwa imeiva.